Draivu iliyong'ang'ania diski

SWALI: Msomaji wa Isaka, mwenye kibanda cha kuchoma filamu na miziki, anauliza kwa nini kompyuta yake ya mezani yenye Ubuntu imegoma kutoa DVD ya mteja. Anabonyeza kitufe, trei haitoki.

JIBU: Mara nyingi draivu ni nzima, ila imefungwa makusudi. Linux ikishapachika diski, hufunga mlango mpaka diski iachiwe, na kicheza video kilichosahaulika nyuma ya madirisha mengine kinatosha kuizuia. Amri ya fuser -mv /dev/sr0 humtaja mhusika. Programu hiyo ifungwe, kisha iandikwe eject. Ikigoma bado, sudo eject -i off /dev/sr0 huondoa kufuli na kitufe hurudi kazini.

Draivu ikiunguruma lakini trei haisogei, amri hazitasaidia kitu. Hapo ashukiwe mkanda mdogo wa mpira unaosukuma trei: hulegea kwa umri, na vumbi huufanya uteleze. Isaka vumbi si haba, malori yanayobeba shehena za Rwanda na Burundi kutoka bandari kavu yakipita kutwa.

Basi azime kompyuta, achomoe waya wa umeme, anyooshe pini ya karatasi na kuiingiza kwenye kitundu kilicho usoni mwa draivu. (Sindano ya kushonea haifai, hukatikia humo.) Asukume taratibu mpaka trei ichomoze kidogo, kisha aivute kwa vidole. Mkanda ukifutwa kwa spiriti huweza kushika tena. Uliolegea kabisa hubadilishwa.