Bei Ikipanda, Nani Alaumiwe?
Somo la Mwanzo katika Elimu ya Uchumi

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda katika somo hili tuseme na vijana wetu wanaosoma biashara vyuoni, na pamoja nao kila aendaye sokoni na kikapu chake. Hapana neno litajwalo barazani zaidi ya hili: "Vitu vimepanda." Na likishatajwa, hukumu hutolewa papo hapo. Mmoja husema, "Wenye maduka hawana imani." Wa pili husema, "Ni serikali." Wa tatu husema, "Ni kudra, hapana la kufanya." Huenda kila mmoja akasibu siku moja na akakosa siku ya pili, kwa kuwa hakuna aliyeuliza kwanza: je, kimepanda kitu kimoja, au vimepanda vyote?

Suali hili ndilo linaloigawa elimu ya uchumi mafungu mawili. Fungu la kwanza hutazama soko la kitu kimoja kimoja: mnunuzi, muuzaji, duka na kiwanda. Hili huitwa uchumi mdogo. Fungu la pili hutazama nchi nzima kwa jumla: bei za vitu vyote pamoja, fedha zilizomo mikononi mwa watu, ajira, kodi na deni la serikali. Hili huitwa uchumi mpana. Asiyeyapambanua mafungu haya humlaumu asiye na kosa, na mwenye kosa humwacha akapita.

BEI YA KITU KIMOJA

Chukua mfano wa samaki. Kusi ikivuma bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa pwani, na samaki wanaofika sokoni huwa wachache, ilhali walaji ni wale wale. Bei hupanda. Kaskazi ikiingia bahari hutulia, wavuvi hutoka, na bei hushuka. Muuza samaki hakugeuka tabia yake kati ya msimu na msimu. Kilichogeuka ni ugavi, yaani kiasi ambacho wauzaji wako tayari kukileta sokoni kwa kila bei. Upande wa pili pana mahitaji, yaani kiasi ambacho wanunuzi wako tayari kukinunua kwa kila bei. Bei ikizidi, wanunuzi hujizuia na wauzaji hupata tamaa. Ikipungua, mambo huwa kinyume chake. Pale pande mbili zinapolingana ndipo bei hutulia.

Hapa mwanafunzi aangalie jambo ambalo wengi hulichanganya. Kusema "mahitaji yamezidi" si sawa na kusema "watu wamenunua zaidi kwa kuwa bei imeshuka." La kwanza ni kwamba kwa bei ile ile watu wataka zaidi, kama nyama siku za kukaribia Idi. La pili ni watu wale wale kuifuata bei tu. Asiyetenganisha mawili haya atasema bei ikipanda mahitaji hupungua, na mahitaji yakipungua bei hushuka, na bei ikishuka mahitaji huzidi, na atazunguka namna hiyo asifike popote.

Jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Sheikh Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alilieleza katika kitabu chake juu ya hisba, yaani usimamizi wa masoko. Kwa kuwa Mtume (S.A.W.) aliombwa awapangie watu bei naye akakataa, Ibn Taymiyya alibainisha kuwa bei ikipanda kwa uchache wa bidhaa au kwa wingi wa watu, na wauzaji wauza kwa njia ya kawaida bila ya dhuluma, basi kuwalazimisha wauze kwa bei maalumu ni kuwadhulumu. Lakini wakiificha bidhaa ambayo watu wana dharura nayo, au wakapatana wao kwa wao soko liwe mikononi mwao peke yao, hapo mtawala ana haki ya kuwalazimisha wauze kwa thamani ya mfano wake. Kwa hivyo, bei kuwa juu peke yake si ushahidi wa dhuluma. Ushahidi hutafutwa katika sababu iliyoipandisha.

Tumeona wenyewe linalotokea sababu isipotazamwa. Mwezi wa Julai 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2, iliyokuwa imefika kiasi cha shilingi 200, iuzwe shilingi 100, na ikaahidi kuwalipa wenye viwanda tofauti iliyobaki. Punde si punde unga wa bei hiyo ukawa adimu madukani, na mpango wenyewe haukudumu hata miezi mitatu. Mahindi yalikuwa machache kwa ukame. Bei ya chini huongeza wanunuzi mlangoni mwa duka, wala haiongezi gunia hata moja ghalani.

BEI YA VITU VYOTE

Sasa tutazame hali nyengine. Samaki amepanda, na unga, na nauli, na kodi ya nyumba, na dawa, vyote pamoja, mwaka hata mwaka. Je, vitu vyote vimekuwa vichache kwa wakati mmoja? Huenda ikawa, lakini yatupasa kwanza tukichungue kile kimoja kilichomo katika kila biashara, nacho ni fedha yenyewe.

Aliyeliona hili waziwazi ni al-Maqrizi wa Misri, mwanachuoni aliyepata kuwa msimamizi wa masoko ya Cairo. Mwaka 1403 mto Nile haukupanda inavyopasa, na njaa kubwa ikafuata. Naye mwaka 1405 akaandika risala juu ya sababu za ghali ile. Hakuulaumu mto peke yake. Alitaja vyeo kutolewa kwa rushwa, na kodi za ardhi kupandishwa, na tatu yake ni wingi wa sarafu za shaba zilizojaa mikononi mwa watu badala ya dhahabu na fedha. Akaonesha kuwa ukizihesabu bei kwa dhahabu na fedha, vitu vilivyopanda ni vichache; ukizihesabu kwa shaba, ghali yatisha. Basi thamani ya shaba ndiyo iliyoporomoka. Na miongoni mwa walioumia sana akawataja wenye posho maalumu, kama mafaqihi na wanafunzi, kwa kuwa posho yao haikupanda pamoja na bei.

Kenya nayo imepata kuionja hali hiyo. Mwaka 1993, baada ya fedha nyingi kuingizwa katika mzunguko wakati wa uchaguzi wa Disemba 1992, huku misaada ya nje imesimamishwa, bei zilipanda kwa wastani wa kiasi cha asilimia 46. Maana yake ni kwamba kapu lililonunuliwa kwa shilingi 1,000 likahitaji shilingi 1,460. Mwenye mshahara usiogeuka alipokonywa karibu thuluthi ya nguvu yake ya kununua, na hakuna mwizi aliyeingia nyumbani kwake. Hili ndilo liitwalo mfumuko wa bei.

Amana ya kulinda thamani ya shilingi iko mikononi mwa Benki Kuu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1966. Chombo chake kikubwa ni kiwango cha riba: kikipandishwa, mikopo huwa ghali, watu na makampuni hupunguza matumizi, na bei hupungua kasi. Hukumu ya riba yajulikana, na sipo hapa mahali pake; hapa twaeleza tu jinsi chombo kinavyofanya kazi.

Wala tusidhani kuwa kila ghali ya jumla yatokana na wingi wa noti. Mafuta ya petroli yakipanda ulimwenguni, kama ilivyokuwa mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, nauli hupanda, na kila kisafirishwacho hupanda pamoja nayo. Hapo shina ni ugavi, ingawa matawi yameenea nchi nzima.

KUPAMBANUA

Basi ndugu msomaji, usikiapo "vitu vimepanda," uliza matatu kabla ya kuhukumu. Je, ni kitu kimoja au ni vyote? Kama ni kimoja, je, kimepungua kweli, au kimefichwa? Kama ni vyote, je, ni fedha iliyozidi, au ni kitu kiingiacho katika kila kazi, kama mafuta, kilichopanda?

Mwenye duka aliyeuziwa ghali kwa jumla naye akauza ghali kwa rejareja hana kosa, na kumtukana ni kumdhulumu. Mwenye ghala afungiaye chakula akingoja watu wataabike ana kosa, wala haifai ajifiche nyuma ya ukame. Na mwenye amana ya fedha ya nchi akiizidisha bila ya bidhaa kuzidi, basi ametoa katika mfuko wa kila mtu bila ya idhini yake, na wa kwanza kuumia ni mjane na mwenye mshahara mdogo.

MASUALI YA DARASA

1. Maembe hushuka bei yaivapo kwa wingi. Je, kilichogeuka ni ugavi au mahitaji?
2. Samaki akiwa ghali, watu hukimbilia maharagwe. Eleza bei ya maharagwe itakuwaje, na kwa nini.
3. Mshahara umepanda kwa asilimia 10, na bei zote kwa asilimia 15. Je, mfanyakazi amepata au amepoteza?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.