Sonona: Jicho Linapobaki Kwenye Hasara

Ukame wa mwaka 2009 uliua ng'ombe wengi wa wafugaji wa Ngorongoro. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipokatiza safari za watalii, madereva, wapishi na wahudumu wengi wa hoteli za Karatu walikosa kazi. Hasara ya namna hiyo humhuzunisha kila mtu, na huzuni peke yake si ugonjwa. Kwa walio wengi hupungua kadiri siku zinavyopita. Kwa baadhi hubaki na kugeuka sonona.

Kwa kawaida binadamu huhisi hasara kuwa nzito kuliko faida inayolingana nayo. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1979 na wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky. Kwa mwenye sonona, mizani hiyo huweza kuinama zaidi. Watafiti waliofuatilia macho ya watu waliotazama picha za nyuso wameona kwamba, kwa wastani, wenye sonona hukawia kwenye nyuso za huzuni na hutazama kwa muda mfupi zaidi nyuso za furaha. Aidha, tumaini la kupata jambo jema hupoteza nguvu ya kuwasukuma watende.

Mfano ni mkulima wa vitunguu wa Mang'ola aliyeuza magunia ishirini kwa bei nzuri, mawili yakaoza. Akiwa na afya njema, atayasikitikia mawili na kupanga msimu ujao. Akiwa na sonona, mawili yaliyooza hujaza mawazo yake yote, na ishirini hayamfariji. Maji yakimwagika hayazoleki, walinena wahenga. Naye hubaki akitazama yalipomwagikia, wala haoni yaliyosalia mtungini.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa haponi kwa kuambiwa ajikaze, wala hapaswi kuitwa mvivu. Kadiri anavyojitenga na watu na kazi, ndivyo anavyokosa mambo mema ambayo yangemwinua, na sonona huzidi kukita mizizi.

Tiba mojawapo huanzia hapo. Mgonjwa hupanga shughuli ndogo zenye maana, kama vile kupalilia tuta moja au kumtembelea jirani, na kuzitekeleza bila kungoja hamu irudi. Mara nyingi hamu hufuata tendo. Wengine huhitaji pia dawa, kwa ushauri wa daktari. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, mpango ulioasisiwa na daktari Dixon Chibanda umewafunza akina bibi kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kuwa dalili zao zilipungua.

Dalili za kuangaliwa ni huzuni au kukosa hamu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, uchovu, kukosa hamu ya kula, kujilaumu au kushindwa kumakinika. Mwenye dalili hizo afike zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, apimwe na kupewa rufaa ikihitajika.

Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Sumu za kunyunyizia mashamba ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumuuliza waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema.