Majina ya watu na ofisi katika orodha za nyaraka za Rufiji

Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya vita vya Majimaji, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti 1905. Msomaji anayemtafuta kwa herufi hizo anaweza kumkosa, kwa kuwa tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 inaitwa Kinjeketile. Mohoro nayo Wajerumani waliiandika Mohorro. Ikiwa shujaa huyu jina lake linayumba, mvuvi wa delta ya Rufiji au mzee wa Ndundu itakuwaje?

Unapoorodhesha karatasi za shule, msikiti au ofisi ya kijiji, chagua umbo moja la jina liwe la msingi. Litangulie lile ambalo mwenyewe alilitumia kutia saini. Maumbo mengine, Hamisi, Hamis au Khamis, yaandike chini yake, na kila moja liwe na neno "tazama" la kumrudisha msomaji kwenye jina la msingi. Waraka wenyewe usiusahihishe kamwe. Mwongozo wa Baraza la Kimataifa la Nyaraka, toleo la 2004, nao unatenganisha umbo la msingi la jina na maumbo mengine.

Usigeuze mpangilio wa jina kwa desturi ya Kizungu. Hamisi Saidi Juma ni yeye, baba yake na babu yake. Ukimweka chini ya Juma, mwanawe Ali Hamisi Saidi atakwenda chini ya Saidi, na kila mmoja atakuwa chini ya jina lisilo lake. Anza na jina la mtu mwenyewe. Wakiwa wengi wa jina moja, ongeza mwaka wa kuzaliwa, kazi na kijiji. Hapa kuna jambo zito: Operesheni Rufiji ya 1969 ilihamisha watu wengi wa bondeni, kwa hiyo taja kijiji cha wakati ule na cha baadaye.

Kwa ofisi, andika jina kamili na kifupi chake, mfano RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji iliyoundwa mwaka 1975. Barua iliyoandikwa kabla Wilaya ya Kibiti haijatengwa na Rufiji ibaki chini ya Wilaya ya Rufiji, ila weka kiungo cha kuelekeza Kibiti.

Wenye karatasi za wazee nyumbani, waulizeni wazee hao leo majina yote waliyoitwa, ya utotoni, ya jandoni na ya utani. Yaandikeni kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, kisha muiambatanishe na nyaraka zao.