Bibi, Mjukuu na Sahani ya Chipsi

Mama mmoja ametulalamikia kwamba mama mkwe wake, kila ajapo kuwatembelea, humpeleka mjukuu kula chipsi na soda. Wazazi wapenzi, sahani ya mara moja moja haimdhuru mtoto mzima wa afya. Soda ndiyo ya kuangaliwa: kola ya mililita 330 ina sukari yapata gramu 35, na mwaka 2016 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watoto wasipite gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Maji yangalitosha.

Lakini kilichotuhuzunisha ni neno la bibi: “Usimwambie mama.” Hapo mtoto hufundishwa kuficha, na mwalimu wake ni yule ampendaye. Bibi, mwambie mkaza mwanao waziwazi. Nawe mama, usimnyime mzee matembezi hayo, patanieni siku.