KUSITIRI AIBU NA KUFICHA DHULMA
Somo kutokana na khabari za Kanisa na Serikali ya Ireland

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad:

Baadhi ya ndugu zetu wa darsa wameuliza: Je, yamfaa Muislamu kuzungumza juu ya fedheha zilizoyapata makanisa kwa sababu ya watoto waliodhulumiwa mikononi mwa mapadri, au hiyo ni katika kusengenya na kushangilia msiba wa wengine? Na wengine wameuliza kinyume cha hayo, kwamba kwa nini sisi tunyamaze hali wenyewe Wakristo wamesema?

Jawabu ni kuwa khabari iliyothibiti kwa uchunguzi husomwa kwa kutaka mazingatio. Qur'ani imejaa visa vya umma zilizotutangulia, na havikutajwa ili tupate kuwacheka. Basi atakayesoma maneno haya kwa kutaka silaha ya kumpigia jirani yake Mkristo, na aifunge karatasi hii sasa hivi, kwani haja yake haimo humu. Lakini anayetaka kujua ni vipi watu wenye dini, wanaosali na kufunga, waliweza kuona mtoto akidhulumiwa wakageuza nyuso zao, huyo ndiye tunayemwandikia.

Ireland ni nchi ya Wakatoliki wengi, na tangu ilipopata utawala wake mwaka 1922 serikali yake iliyaacha mambo ya elimu na malezi ya mayatima na maskini mikononi mwa kanisa. Zilikuwako nyumba zilizoitwa skuli za kazi, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1868 wakati wa utawala wa Mwingereza. Mtoto alipelekwa humo kwa amri ya hakimu, na mara nyingi kosa lake halikuwa ila ufukara wa wazee wake. Nyumba hizo ziliendeshwa na mabruda na masista, na serikali ikiwalipa kwa kila kichwa cha mtoto. Litazame sana jambo hili. Mwenye kulipwa kwa hesabu ya vichwa hana haja ya kuona vichwa vikipungua, na anayelipa akiona kazi imemwondokea shingoni hana haja ya kuuliza mno.

Kubwa kabisa katika nyumba hizo ilikuwa Artane, karibu na mji wa Dublin, iliyokuwa ya mabruda, na ilipofikia upeo wake ilikuwa na wavulana wapatao 800. Idara ya Elimu ndiyo iliyokuwa na wajibu wa kuzikagua. Lakini ukaguzi ulikuwa haba, na wenye nyumba walijulishwa mapema kwamba mkaguzi anakuja. Sasa, ewe msomaji, ni nani ajuaye kuwa mgeni anakuja asifagie ua wake?

Mwaka 1999 mwandishi mmoja, Mary Raftery, alionyesha katika televisheni ya nchi hiyo filamu za khabari juu ya yaliyotendeka ndani ya kuta hizo. Watu wakashtuka. Tarehe 11 Mei mwaka ule ule, Waziri Mkuu Bertie Ahern aliwaomba radhi watoto hao, ambao wengi wao walikwisha kuwa watu wazima wenye mvi, kwa jina la Serikali. Kisha mwaka 2000 ikaundwa Tume kwa sheria. Jaji wa kwanza aliyeisimamia, Mary Laffoy, alitangaza kujiuzulu mwaka 2003 akilalamika kuwa serikali ile ile iliyoomba radhi haikumpa msaada uliompasa. Jaji Sean Ryan akaimaliza kazi, na tarehe 20 Mei 2009 ikatolewa ripoti ya majuzuu matano.

Tume ilipata kwamba watoto waliishi katika khofu ya kupigwa kila siku. Kwamba uchafu wa kuwaingilia watoto ulikuwa umeenea katika nyumba za wavulana. Na kwamba mbaya alipojulikana hakushtakiwa, bali alihamishwa akapelekwa nyumba nyingine yenye watoto wengine. Na juu ya Idara ya Elimu ilipata kuwa iliinama mbele ya mashirika yale ya kidini kwa unyenyekevu uliopita kiasi, hata ukaguzi ukawa ni jina tu.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ilitoka ripoti nyingine, ya Tume ya Jaji Yvonne Murphy, juu ya jimbo la Askofu Mkuu wa Dublin tangu mwaka 1975 hata 2004. Tume hii iliona kuwa lililowashughulisha wakuu wa jimbo lilikuwa ni kuficha siri, na kuepusha fedheha, na kulinda jina la kanisa na mali yake; mtoto alikuja nyuma ya yote hayo. Na kuna jambo moja katika ripoti hii ambalo kila nilisomapo hunisimamisha. Mwaka 1987 jimbo hilo lilichukua bima ya kujikinga na madai ya fidia yatokanayo na vitendo vya mapadri. (Hukumu ya bima tuiweke kando leo.) Mtu hakati bima ya moto ila ajua kuwa nyumba huungua. Basi walijua, na kabla hawajauzima moto walikwisha kuiwekea mali yao kinga.

Tume hiyo ilieleza pia kuwa wakuu wa kanisa walikuwa na elimu yao ya kusema neno ambalo msikilizaji atalifahamu vingine, na msemaji moyoni mwake akalifunga kwa sharti asilolitamka, ili asihesabiwe kuwa amesema uwongo. Sisi tuliosoma fiqhi tusijifanye wageni wa jambo hili. Kwetu laitwa tauriya. Lakini Imam Nawawi katika Al-Adhkar amebainisha kuwa tauriya inayompelekea mtu kuchukua batili au kuzuia haki ya mwingine ni haramu. Na haki gani kubwa kuliko haki ya mtoto kulindwa mwili wake?

Hapa wako watakaosema: basi lawama ni ya kanisa, serikali imeingiaje? Suali hili lilipata jawabu katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg. Mwanamke mmoja wa Ireland alidhulumiwa na mwalimu wake mwaka 1973 alipokuwa msichana mdogo. Mzee wa mtoto mwingine alikwisha kumshtakia padri msimamizi wa skuli ile juu ya mwalimu yule yule mwaka 1971, na padri hakufanya kitu. Mama huyo alipodai haki, mahakama za nchi yake zilimwambia kuwa Serikali haina jukumu, kwa kuwa skuli ilisimamiwa na kanisa. Hakuchoka. Tarehe 28 Januari 2014 majaji wa Strasbourg, kwa rai ya 11 dhidi ya 6, walihukumu kuwa Serikali ndiyo iliyokosa. Kwani ilimpa mwingine usimamizi wa watoto wake bila ya kuweka njia ya kumchunga huyo iliyemkabidhi.

Hukumu hiyo imetoka kwa majaji wasiokuwa Waislamu, nasi twaiona kuwa yakubaliana na tuliyoyasoma. Hadithi ya mchunga, aliyoipokea Abdullahi bin Umar katika Bukhari na Muslim, imemtaja imamu kuwa ataulizwa juu ya raia zake, na mwanamume juu ya watu wa nyumba yake. Haikusema kwamba akiajiri kijana wa kuchunga suali limemwondokea. Na Ibn Khaldun katika Muqaddima yake amehesabu katika kazi za muhtasib kuwazuia walimu wa vyuo wasipindukie mipaka katika kuwapiga watoto; na akasema kuwa muhtasib hangoji mpaka apelekewe mashtaka, bali huangalia mwenyewe. Basi wale wanaosema leo kuwa serikali kukagua madrasa ni bid'a ya Wazungu, na waturudie na kitabu.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Siku hizi mwalimu wa chuo akishukiwa kwa mtoto, neno la kwanza utakalolisikia katika baraza ni: "Tumsitiri nduguyetu; mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri." Kisha mwalimu hupewa nauli akahamia mji mwingine, na huko hupokewa kwa heshima akapewa chuo kingine. Wanaofanya hivi huona wamefanya jambo la dini. Na hivi ndivyo hasa walivyofanya wakuu wa jimbo la Dublin.

Hadithi ya kusitiri ni sahihi, wala hatuipingi. Lakini imewekwa mahali si pake. Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim amesema kuwa kusitiri kunakopendekezwa ni kwa mtu mwenye haiba njema asiyejulikana kwa udhia na ufisadi, akateleza. Ama anayejulikana kwa kuudhi na kufisidi, huyo yafaa asisitiriwe, bali ashitakiwe kwa mwenye mamlaka iwapo hapakhofiwi madhara makubwa zaidi. Kwani kumsitiri humpa tamaa ya kuzidi. Na amesema pia kuwa hayo ni katika maasi yaliyokwisha pita. Ama maasi uyaonayo yakitendeka, ni wajibu kuyazuia. Ajabu iliyoje kuwa maneno haya yako katika kitabu kilichomo katika nyumba za maulamaa wengi, na juu yake vumbi!

Wanavyuoni wa hadithi walisimama mbele za watu wakasema: fulani ni mwongo, fulani hifadhi yake mbovu, na baadhi ya hao waliosemwa walikuwa wacha Mungu wenye ibada nyingi. Wala hilo halikuhesabiwa na maulamaa kuwa ni kusengenya, kwa kuwa walikuwa wakiilinda dini. Tukilinda maneno ya dini kwa namna hii, je, mtoto wa miaka minane anayekwenda kujifunza dini hiyo hastahiki kulindwa?

Na wako wanaochelea kuwa kumchunguza mwalimu ni kumvunjia heshima. Hawa nawarejeshe macho yao katika Sahihi Bukhari. Watu wa Kufa walimshtaki Saad bin Abi Waqqas kwa Sayyidna Umar. Saad ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo! Lakini Umar hakusema kuwa mtu kama huyu hachunguzwi. Alimwondoa katika kazi, kisha akatuma watu Kufa wakauliza juu yake msikiti baada ya msikiti. Ikabainika kuwa Saad ameepukana na waliyomsingizia, na Umar mwenyewe kabla ya kufa kwake alisema kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Uchunguzi haukumpunguza Saad hata chembe. Asiyekuwa na kosa uchunguzi humsafisha, na kwa ajili hiyo ni haki yake pia.

Pengine msomaji ataona tunajitia katika aibu isiyokuwa yetu, kwani kisa ni cha mapadri wasiooa. Hapana. Tume iliyowekwa Uingereza mwaka 2015 ilitoa mwezi wa Septemba 2021 ripoti juu ya jumuiya 38 za dini, na katika hizo walikuwemo Waislamu, na Mayahudi, na wengine wanaooa. Ikaonekana katika jamaa nyingi sababu zile zile: aibu, heshima ya ukoo, kumwogopa mkubwa wa dini, na kutaka mambo yamalizwe nyumbani. Wala hatuhitaji kwenda Uingereza ili kuzijua sababu hizo.

Limebaki suali la mashahidi wanne, na hili hurudiwa sana na watu wa kamati. Mashahidi wanne ni sharti la kumthibitishia mtu hadi ya zinaa. Mtoto anayelia kuwa amedhulumiwa hakuja kumsimamishia mtu hadi. Amekuja kushtaki dhulma, na mwenye kushtaki dhulma ni miongoni mwa wale sita ambao maulamaa wamewaruhusu kumtaja mtu kwa ubaya wake. Kumsikiliza si kuhukumu. Kumtenga mwalimu na watoto wakati khabari yachunguzwa si kuhukumu. Na kamati ya msikiti si kadhi wala si daktari. Haina elimu ya kumpima mtoto mwili wake, wala haina nguvu ya kumshika mtu asikimbie. Ikijitia katika kuhukumu, itamdhulumu mmoja katika wawili.

Kwa hivyo wajibu wa kamati ni kupeleka khabari kwa wenye mamlaka siku ile ile. Katika Kenya ziko Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 53 imempa mtoto haki ya kukingwa na ukatili. Iko Idara ya Watoto, na iko nambari ya simu 116 isiyolipiwa. Na iwapo afisa naye atalala juu ya shauri, au atapokea kitu ili alale, basi apelekwe kwa mkubwa wake, na mkubwa wake kwa aliye juu zaidi, kama alivyofanya yule mama wa Ireland mpaka Strasbourg. Kumhisabu mtawala si fitina ikiwa ni kwa njia ya haki.

Ndugu mmoja ameuliza tena: fidia hulipwa na nani? Huko Ireland, mwezi wa Juni 2002, serikali ilipatana na mashirika 18 ya kidini kuwa watoe mali na fedha za thamani ya euro milioni 128, na kilichozidi kibebwe na hazina ya nchi. Gharama ikafika kiasi cha euro bilioni moja na nusu. Basi sehemu kubwa imelipwa na mlipa kodi, na katika hao walipa kodi ni wale wale waliodhulumiwa. Kwetu sisi, msimamizi wa wakfu na wa chuo ni amini, na amini hadhamini ila akifanya taksiri. Akiwa alijua akanyamaza, au alimhamisha mbaya akampeleka kwa watoto wengine, hiyo ni taksiri, na dhamana ni katika mali yake yeye mwenyewe. Haifai kuchukuliwa katika sanduku la msikiti.