Kubadilisha Kompresa ya Gari Kuukuu la Dizeli



Vikundi vingine vina gari kuukuu la kukodisha kwa harusi na safari, na wateja wanataka hewa baridi. Tuchukue Mercedes 300D ya W123, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1985. Kompresa yake, iitwayo R4, inajulikana kwa kuvuja. Mafundi wengi hufunga Sanden mahali pake, wakitengeneza kishikio kingine cha chuma na kurekebisha mipira ya gesi. Inawezekana sana. Shida ni fundi anayefunga kompresa mpya na kuacha mengine yote ya zamani.

Kompresa ikivunjika ndani, vipande vya chuma husambaa kwenye mabomba, na visiposafishwa vitaua hiyo mpya pia. Chupa ya kunyonya unyevu nayo ibadilishwe. Tena gari hilo lilitoka na gesi ya R12, ambayo Mkataba wa Montreal ulikomesha utengenezaji wake kufikia 2010. Siku hizi hutiwa R134a. Oili ya zamani haichanganyiki na gesi hii, kwa hivyo hairudi kwenye kompresa, nayo inakauka na kukwama. Halafu hewa yote itolewe kwa pampu kabla ya kujaza gesi.

Fundi akisema atatia gesi ya kupikia kwa kuwa ni bei nafuu, kataeni! Ikivuja ndani na mtu awashe kiberiti, abiria wataungua.

Mweka hazina aulize kabla ya kulipa: je, bei hii ni pamoja na chupa, oili na kusafisha mabomba?