Machipukizi ya kusafisha mwili, na sumu ya muhogo tunayoisahau



Katika mikutano yetu, swali moja linarudi mara nyingi kuliko la mbegu, hata kuliko la bei ya mchele. Wamama wanauliza: ni kweli maji ya machipukizi, yaani zile ncha changa za miti na mimea, yanasafisha damu na kutoa sumu mwilini pole pole bila kuumiza mtu? Wengine wameuziwa chupa sokoni. Wengine wanajitengenezea nyumbani: wanachuma ncha za mapera, za matembele, za moringa, hata za muhogo, wanatwanga, wanakamua, wanakunywa asubuhi kabla ya kula. Tuliposikia muhogo umetajwa hapo katikati, tuliona heri tuandike somo hili bila kungoja.

Dawa ya machipukizi si maneno ya sokoni tu. Huko Ubelgiji, daktari mmoja aitwaye Pol Henry alianza zamani, katikati ya karne iliyopita, kuloweka machipukizi ya miti ya kwao katika pombe na gliserini. Aliamini kwamba sehemu ya mti inayoanza kukua ndiyo yenye nguvu yote ya mti. Mpaka leo watu wa Ulaya wananunua vichupa vya namna hiyo, na wauzaji wanasema vinasafisha ini. Lakini hakuna majaribio ya kidaktari yaliyoonyesha wazi kwamba matone hayo yanatoa sumu mwilini. Kazi hiyo mwili unaifanya wenyewe, mchana na usiku: ini linageuza sumu, figo zinaitoa kwa mkojo. Mtu mzima mwenye afya akinywa maji safi na akala vizuri, ini lake halingoji chupa ya sokoni.

Hata hivyo hatusemi machipukizi hayana kitu. Ng'ambo ya Tanganyika, katika milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa Watongwe anayejua miti, waliona katika miaka ya 1980 sokwe mgonjwa akikata chipukizi la ule mti mchungu ambao upande wa Kivu wanauita mubirizi. Sokwe yule aliondoa majani, akamenya ganda, akatafuna moyo wa ndani na kumeza maji yake, mabaki akatema. Kesho yake alionekana ana nguvu tena. Angalieni vizuri alichofanya: majani na ganda alivitupa. Walipopima mti huo, walikuta majani na ganda vina sumu kali kuliko ule moyo. Mnyama anajua sehemu ya kuacha, na sisi tunatwanga yote pamoja tunamnywesha mtoto!

Ncha za mapera nazo wazee wetu wanazitumia kwa kuharisha, na zina ukakasi unaoweza kutuliza tumbo. Mtu mzima akichemsha kidogo akanywa, hatumkatazi. Ila mtoto anayeharisha anakufa kwa kukauka maji, na mapera hayarudishi maji. Mpe kwanza maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe juu. Akiwa na damu kwenye choo, au macho yameingia ndani, usikae naye nyumbani, mpeleke kituo cha afya.

Kuhusu lavema tutasema neno moja tu: acheni kuwatia watoto maji ya machipukizi kwa njia ya nyuma. Madaktari wa Afrika wameona watoto na wakubwa ambao figo zao zilisimama baada ya dawa za namna hiyo. Aliyetaka kutoa sumu amemtia sumu mtoto.

Sasa tuje kwenye muhogo. Hapa ndipo swali la kutoa sumu linapokuwa la kweli.

Muhogo una kitu ndani yake ambacho, ukikatwa au kutwangwa, kinageuka kuwa sianidi, sumu inayoua. Mihogo michungu inayo nyingi, mitamu inayo kidogo. Watu wengi wanadhani sumu iko kwenye kiazi peke yake. Hapana. Majani yanayo zaidi ya kiazi, na majani machanga ya kule juu, yale laini tunayoyapenda kwa sombe, ndiyo yanayo nyingi kupita yote. Kwa hiyo anayekamua ncha za muhogo mbichi na kunywa maji yake ili asafishe damu, anakunywa pale pale sumu ilipo kali. Kizunguzungu, kutapika, kichwa kuuma sana baada ya kinywaji hicho si uchafu unaotoka, kama wengine wanavyosema. Ni sumu inayoingia.

Mbona sombe tunaila kila siku na hatuugui? Kwa sababu mama zetu walijua kuitoa sumu kabla hata ya kufika mtu wa kuwafundisha. Unapotwanga majani mabichi, sumu inafunguka kutoka ndani ya jani. Unapochemsha sufuria ikiwa wazi, sianidi inaondoka na mvuke, kwa maana ni kitu chepesi, kinaanza kuchemka kwenye digri 26 hivi, joto la mchana wa kawaida hapa kwetu. Basi twanga kwanza mpaka sombe ilainike kabisa, ndipo upike, na mwanzoni usifunike. Wako wanaotumbukiza majani mazima katika maji ya moto kwanza ili kutwanga kusichoshe. Tunawaelewa, mchi ni mzito. Lakini moto ukitangulia, ile nguvu ya jani inayofungua sumu inakufa, na sehemu ya sumu inabaki imejifungia ndani.

Kwa kiazi, kazi hiyo inafanywa na maji. Mihogo michungu inataka siku 3 au 4 majini mpaka ilainike na kuchacha, ndipo ianikwe. Tunajua kinachotokea. Mnunuzi amekuja na baiskeli, mtoto anadaiwa pesa ya shule, au watu wamekimbia vita upande wa Salamabila na wamerudi nyumba haina kitu. Mihogo inatolewa siku ya kwanza au ya pili. Kwa macho ni myeupe na mizuri, sokoni inauzwa. Sumu imo.

Watu wakila unga wa namna hiyo majuma mengi, bila kitoweo, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kwango, ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Haina maumivu makubwa, haina homa, na haiponi. Unawashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Hauko Kwango peke yake, hata Kivu ya Kusini umeonekana. Mkiona mtoto ameanza ghafla kutembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, msiende kumtafuta mchawi. Mwambieni muuguzi siku hiyo hiyo, na mtazame unga unaoliwa katika nyumba ile.

Kuna njia moja ya kusaidia unga ambao tayari umesagwa na hamuna hakika nao. Ilijaribiwa katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, huko Kwango. Wamama waliitumia kila siku, na kwa muda wa miezi 18 ya kufuatiliwa hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyeonekana kijijini. Haitaki pesa. Mimina unga katika beseni, weka alama ndani ya beseni pale unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukifika tena kwenye alama, simama. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka, uwe mwembamba, usizidi sentimita 1, kama upana wa kidole cha mwisho. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5 kama kuna mawingu. Sumu inaruka hewani. Halafu sonaga ugali siku hiyo hiyo, usiuweke mpaka kesho, unga mbichi unaharibika. Wamama wa kule walisema ugali wake ni mtamu, hauna uchungu. Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka siku 3 au 4, ni ya kuongeza juu yake.

Na ile sumu kidogo inayobaki? Hapo tunarudi kwenye ini. Ini linaichukua sianidi, linaiunganisha na salfa, inakuwa kitu kisicho na ukali, figo zinaitoa. Salfa hiyo inatoka katika chakula cha kujenga mwili: samaki wa Lualaba na Luama, ndagala, mayai, nyama ya kuku, viwavi, na maharagi. Mtu anayekula ugali wa muhogo na chumvi tu, ini lake linataka kufanya kazi lakini halina kifaa. Kwa faranga anazolipa mtu kwa chupa moja ya machipukizi, ni afadhali anunue ndagala kidogo ya kutia kwenye sombe iliyotwangwa vizuri, na mtoto apewe wa kwanza.

Wamama wa kila koperative wanaotaka kujaribu njia ya beseni waanze na unga wa nyumba zao, siku 7 mfululizo. Kwenye mkutano ujao tuleteeni majibu: jua lilitosha saa ngapi, watoto walisemaje juu ya ugali, na mlikwama wapi. Walio na mikeka michache watuambie mapema. Na yule mama aliyetuuliza kama maji yaliyolowekewa mihogo yanaweza kupewa mbuzi: hapana, mama. Yamwage mbali na mbuzi, na mbali na bwawa la samaki.